Kiraka Ndani ya Kinanda

Mwezi uliopita ukanda wa kiatu changu ulikatika nikiwa mtaa wa Pioneer, Eldoret, na kijana mmoja anayeshona viatu kando ya barabara akaniambia nikae kwenye kreti ya soda nisubiri. Sikuwa na haraka. Wewe unanijua, mimi sina mahali pa kuchelewa. Nilikuwa nimeshuka kutoka Timboroa na lori la viazi, nikitafuta jingine la kunifikisha Turbo, ambako niliambiwa kuna kazi ya kupukuchua mahindi. Kijana alikata kipande cha ngozi, akakigeuzageuza, kisha akakitia mdomoni akilowanishe kipate kunyumbuka. Akakiacha hapo kati ya meno huku akitafuta sindano.

Kabla sijajizuia nikamuuliza, "Hiyo ngozi ni ya nini?"

Akaitoa mdomoni, akacheka. "Ya kiatu, madam. Kwani ulitaka iwe ya nini?"

Nikamwambia haidhuru. Lakini nilipovaa kiatu sikwenda kutafuta lori. Nilipanda kile kilima kidogo kuelekea kanisa ambalo sikuwa nimelikanyaga tangu nilipoacha shule darasa la saba, na njia nzima nilikuwa natembea ndani ya majuma mawili ya mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Nyanya ndiye aliyenilea. Alikuja Eldoret kutoka magharibi akiwa bado msichana, akimfuata mume aliyekuwa karani katika ghala la mahindi. Mume alikufa, nyanya akabaki. Alikuwa na shamba dogo la sukumawiki nyuma ya nyumba, kuku kadhaa, na kinanda cha kanisa. Mtaa mzima ulimwita Mama Kinanda. Usifikirie kinanda cha umeme kama vya siku hizi. Kile kilikuwa kama kabati la mbao nyeusi, chenye meno ya kubonyeza ya manjano na kanyagio mbili zilizovalishwa zulia lililochakaa. Kiliachwa na kaburu mmoja wa zamani alipouza shamba akaondoka, na hakuna mtu mwingine aliyejua kukicheza isipokuwa nyanya, aliyefundishwa na mwalimu mmoja wa misheni.

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kufagia kanisa, kupangusa viti, kubadilisha maji ya maua, kisha kukaa sakafuni karibu na miguu ya nyanya akifanya mazoezi. Kutoka pale chini kinanda kilikuwa mnyama. Kilikohoa kabla ya kuimba. Kilinuka nta, vumbi na panya. Nyanya alivua viatu akakanyaga kwa soksi, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepanda mlima usio na kilele, na juu ya kichwa changu zile nyimbo zikawa zinatoka nzito, zinatetemesha ubao hadi kwenye meno yangu.

Msikiti haukuwa mbali. Mazoezi yalipokutana na adhana ya alasiri, nyanya aliinua mikono kutoka kwenye meno ya kinanda na miguu kutoka kwenye kanyagio, akakaa kimya mpaka adhana iishe. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, hata kama ni katikati ya mstari. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Mtu mzima akiwa anaongea, wewe humkatiza?" akasema. Sijui kama alikuwa na jibu refu zaidi. Mimi sikuwahi kulisikia.

Mkabala na lango la kanisa palikuwa na kibanda cha fundi wa viatu. Alikuwa Mwislamu, mzee mwembamba mwenye ndevu za rangi mbili, nyeupe kwa uzee na kahawia kwa hina. Mtaa wetu ulikuwa na desturi ambayo sijui kama bado ipo. Mkiwa na jambo, iwe harusi, matanga au Krismasi, hamchinji mbuzi wenyewe. Mnamwita fundi. Anakuja na kisu chake kimefungwa kwa kitambaa, anataja jina la Mungu, anachinja, anapewa chai, anarudi kwa viatu vyake. Kwa njia hiyo kila mtu mtaani aliweza kula kutoka chungu kimoja. Nyanya alikuwa akisema nyama ambayo jirani hawezi kula ni mzoga tu. Kwa hiyo fundi alikuwa mlinzi wa vinywa vyetu, na ndiyo maana hadithi hii hunichoma mpaka leo.

Mwaka ule haukuwa mzuri. Redio ilitoa habari za makanisa kushambuliwa huko mbali, na kanisa letu likaanza kukagua mikoba mlangoni. Kina mama waliozoea kupeana chumvi juu ya ua wa kayaba walianza kusalimiana kwa kifupi. Mtaa wetu ulikuwa umeshaona, miaka michache nyuma baada ya uchaguzi, jinsi majirani wanavyoweza kuamka wakiwa watu wengine. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Mara mbili nilisikia watu wakiulizana kama ni lazima mbuzi wa harusi achinjwe na fundi. Nyanya alisikia pia. Jumamosi ile alikanyaga kinanda hadi zulia likatoa vumbi.

Halafu kulikuwa na mzee wa kanisa, mtu wa duka la mabati na misumari, aliyetaka kinanda cha umeme. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu vipya na alipenda vianze kwa wakati.

"Mama, hiki kitu kinakohoa kuliko mimi," alimwambia nyanya mbele ya kwaya. "Tutaombea kinanda ama tutaombea wagonjwa?"

Wakakubaliana na mchungaji kwamba Jumapili ya Mavuno, mwisho wa Oktoba, kinanda cha nyanya kitasikilizwa. Kikitoa sauti nzuri kitabaki. Kikishindwa kitatolewa nje, na vijana wa gitaa watachukua nafasi. Nyanya aliitikia kwa heshima kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari imepanda. Lakini nilimwona usiku na mchana akipiga vidole juu ya meza ya chakula, juu ya kifuniko cha sufuria, juu ya goti lake. Alikuwa anajua kwamba bila kile kinanda yeye ni mjane mwingine tu mwenye kuku.

Jumatatu, karibu wiki mbili kabla ya Mavuno, nikakipasua.

Nilitaka kujua sauti inakaa wapi. Huo ndio ugonjwa wangu, na hata sasa sijapona. Nimefungua redio, saa, mzinga wa nyuki, na mara moja gia ya lori la mtu. Nyanya alikuwa ameenda kumwona mgonjwa, nami nikabaki kanisani kufagia uchafu wa Jumapili. Nikazungusha kinanda, nikafungua ubao wa nyuma kwa ncha ya kisu cha mezani, nikaona ndani. Kulikuwa na vipande vingi vyembamba vya shaba, kama meno ya kitana, na chini yake mvukuto, mfuko mkubwa wa upepo wa kitambaa cheusi. Nikanyoosha mguu nikakanyaga huku nimeweka kiganja pale ndani. Nilitarajia upepo unipige. Badala yake kiganja changu kilivutwa. Unaelewa? Kile kinanda hakikuwa kinapuliza. Kilikuwa kinavuta pumzi ndani, na katika kuvuta ndipo kinaimba. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Nikasukuma kidole kwenye mfuko nijue una nguvu gani, na kile kitambaa, kilichozeeka kama utando wa maziwa juu ya chai, kikafunguka urefu wa kiganja changu.

Nikarudisha ubao. Nikarudisha kinanda ukutani. Nikafagia mara ya pili.

Jumanne nyanya alipokanyaga, kinanda kilipiga kwikwi tu. Akaita fundi seremala, naye akafungua, akaonyesha ule mpasuko.

"Panya," nikasema.

Nyanya akaniangalia kidogo. "Panya," akarudia.

Kitambaa kile kilihitaji kiraka cha ngozi, na mtu wa ngozi alikuwa mmoja. Fundi wa viatu aliitwa. Kijana wa kukagua mlangoni alikuwa amevaa viatu vilivyoshonwa na huyo huyo fundi, na sasa ilibidi amwambie afungue mfuko wa visu na sindano. Alikuwa anaona aibu hadi masikio.

"Kagua vizuri, kijana," fundi akamwambia, akiinua mikono. "Na viatu vyako pia uvikague, kuna misumari yangu ndani."

Mzee wa kanisa alisimama nyuma mikono mfukoni. Hakuondoka mpaka fundi alipotoka.

Fundi alipapasa ule mpasuko kwa kidole gumba. Akasema ngozi zake zote ni za soli na za pande za viatu, ngumu, zitavunja mfuko. "Hapa panataka ngozi laini na nyembamba. Mkinipatia kipande, ni kazi ya asubuhi moja." Nyanya akaanza kuwaza ataitoa wapi. Mimi nikasema nitatafuta. Niliona hiyo ndiyo njia ya kulipa bila kuungama.

Jirani yetu mwenye duka, mama aliyetoka mkoa wa Kati na mwenye kicheko cha kusikika barabara ya pili, alikuwa na tandiko la farasi la wazungu ghalani, ambalo kuku wake walitagia. Ngozi ya kiti chake ilikuwa nyororo kama shavu. Nikamwomba kipande.

"Haiya, chukua," akasema, akimtoa kuku. "Hiyo ni ya nguruwe, unajua? Wazungu walikuwa wanakalia nguruwe juu ya farasi. Watu wa maajabu." Akaikata kwa kisu cha mkate, akaifuta kinyesi, akanipa.

Nilisikia neno nguruwe. Sitakudanganya kwamba sikulisikia. Lakini akilini mwangu ngozi ile ilikuwa inaenda ndani ya kinanda cha kanisa, na kanisani hakuna anayekatazwa nguruwe. Hayo ndiyo niliyojiambia nikikimbia.

Siku chache baadaye, asubuhi, fundi alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kinanda kilichofunguliwa. Nikampa ile ngozi. Akaipinda, akainusa, akapendezwa.

"Nzuri sana. Ya mnyama gani?"

Nyanya alikuwa amesimama pale, ameshika kitabu cha nyimbo kifuani. Mzee wa kanisa alikuwa mlangoni akihesabu viti ambavyo tayari vilikuwa vimehesabiwa. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Nikaona nikisema ukweli, fundi ataweka ngozi chini, kazi itasimama, na mzee atatabasamu.

"Ya mbuzi," nikasema.

Fundi akakata kiraka. Na kisha, kama wanavyofanya mafundi wote wa viatu niliowahi kuwaona, akakitia mdomoni. Akakishika kwa meno, akakilowanisha kwa ulimi, akakivuta kwa vidole mpaka kikanyooka, akakirudisha tena. Alikuwa anafikiria kazi. Alinikonyezea jicho ile ngozi ikiwa inaning'inia kwenye ndevu zake.

Nilihesabu vipande vya kioo cha dirisha. Alipaka gundi, akashona pembeni, akakandamiza, akasema msikiguse hadi kesho. Kesho yake kinanda kiliimba vizuri kuliko nilivyowahi kukisikia. Nyanya alilia bila sauti, akikanyaga, machozi yakidondokea meno ya kinanda.

Siku zilizofuata sikuweza kula. Kila nilipopita kibandani fundi aliniita, "Mtafuta ngozi," akanipa kipande cha sukari guru. Nilikuwa nafikiri vitu ambavyo mtoto hapaswi kufikiri. Nikinyamaza, anaendelea kuswali na kinywa nilichomchafulia. Nikisema, watu wake watasema wale wa kanisa wamemlisha mzee wetu nguruwe kwa makusudi, na mwaka ule hakuna aliyehitaji zaidi ya hilo. Watu wetu nao watasema, mnaona, tuliwaambia asiingie. Na nyanya atakuwa katikati, na kinanda chake.

Kilichonivunja ni kalenda. Ijumaa ilikuwa Idi ya kuchinja. Jumapili ni Mavuno. Ijumaa fundi angetaja jina la Mungu juu ya mbuzi wake, na Jumapili juu ya mbuzi wetu, kwa kinywa kile kile. Alhamisi asubuhi nikavuka barabara.

Alikuwa amefunga siku hiyo, kama wengi wao hufanya kabla ya Idi ile. Alikuwa akipiga misumari kwenye kisigino.

"Mzee, ile ngozi haikuwa ya mbuzi."

Hakuinua kichwa. "Ilikuwa ya kondoo?"

"Ya nguruwe."

Nyundo ikabaki hewani. Akaiweka chini polepole, kando ya goti, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Barabarani bodaboda zilipita, mtu akatusalimia, fundi akaitikia salamu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Niangalie. Nani alikutuma? Yule mzee wa duka la mabati?"

"Hakuna, Mzee. Ni mimi. Hata kinanda ni mimi nilikipasua. Nilitaka kuona sauti inakaa wapi."

Aliniangalia muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangaliwa na mtu yeyote tangu hapo, na nimeangaliwa na polisi. Nilijua anapima jambo kubwa kuliko mimi. Anapima kama mtaa mzima umemcheka, au ni mtoto mmoja tu mpumbavu.

"Nenda pale chini ya kayaba," akasema mwishowe. "Uniletee udongo safi, usio na mavi ya kuku. Na maji."

Nikaleta. Akachanganya udongo na maji kwenye kikopo, akaosha mikono kwa yale matope hadi kwenye viwiko, akaosha kisu, sindano na ubao wake wa kukatia. Kisha akasukutua kinywa kwa maji yale ya udongo, taratibu, kichwa kimeinama mbele, akijihadhari lisipite tone kooni kwa sababu ya saumu yake. Akatema. Baada ya hapo akaosha kwa maji matupu, mara ya pili, ya tatu, mimi nikimmiminia, mpaka saba, kama dini yake inavyotaka kwa kilichoguswa na nguruwe. Sijawahi kuona mtu akiosha kitu kwa uangalifu hivyo. Rangi ya udongo ilibaki kwenye pembe za midomo yake, na mimi ndiye niliyeiweka.

"Mimi nimenawa," akasema. "Wewe utanawia wapi?"

Nikaenda kwa nyanya. Alikuwa akichambua maharagwe uani. Nikamwambia yote, kuanzia kisu cha mezani. Aliendelea kuchambua, jiwe huku, haragwe huku, mpaka nikadhani hajasikia.

"Panya," akasema. "Na mimi nilinunua sumu ya panya." Akasimama, akakung'uta sketi. "Kamata yule jogoo mwekundu."

Kwetu, ukimkosea mtu wa heshima, humwendei mikono mitupu, na kuku ndiye anayezungumza kwanza. Lakini kwa fundi kuku hapelekwi amechinjwa. Tulivuka barabara tukiwa na jogoo mzima anayepiga kelele, nyanya mbele, na watu wakaanza kutoka milangoni. Mke wa fundi alikuwa amemletea ngozi yake ya kuswalia, kwa maana adhuhuri ilikuwa karibu.

"Mjukuu wangu amekukosea," nyanya akasema, "na mimi ndiye niliyemlea. Ile ngozi nitaing'oa leo kwa mkono wangu. Kinanda kinyamaze. Kilikuwa kinanda tu."

Nilimtazama. Alikuwa amesema maneno hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kuitikia bei ya sukari, na vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya mgongo wa jogoo.

Fundi alichukua jogoo, akamshika kifua, akamrudisha. "Huyu bado ana kazi ya kuamsha watu. Na kinanda hakijakosa, Mama. Ile kazi ina mkono wangu, nami sitaki mkono wangu ukae juu ya uongo. Nitaifanya upya." Akaichukua ile ngozi ya kuswalia mikononi mwa mkewe, akaigeuza, akaisugua upande wa ndani kwa kidole gumba. Ilikuwa ngozi ya mbuzi, nyembamba, imelainika kwa magoti ya mwaka mzima.

"Na wewe utaswalia wapi?" mkewe akauliza.

"Kesho nachinja. Ngozi nyingine inakuja."

"Itachukua wiki nyingi kukauka na kulainika."

"Basi nitaswalia mkeka. Mungu hajui mkeka?" Akamgeukia nyanya. "Hii ni ya mbuzi wa Idi iliyopita. Ngozi ya mnyama wa Idi haiuzwi. Unaitumia, ama unaipeana. Nimeitumia. Sasa naipeana."

Mkewe aliguna, akaingia ndani, akarudi na wembe wa kunyolea manyoya.

Jumamosi fundi alikaguliwa tena mlangoni. Akang'oa kiraka cha nguruwe kwa koleo, akakitupa, akakwangua gundi, akaweka kile kingine. Safari hii alilowanisha ngozi kwa maji ya kikopo. Mzee wa kanisa alitazama kila mshono, na alipotoka nilijua habari imetoka naye.

Jumapili madhabahu ilikuwa imejaa mahindi mabichi, maboga, viazi vya Timboroa na vikapu vya mayai. Kanisa lilinuka shamba. Nyanya alikaa, akavua viatu. Kabla hajakanyaga, mzee wa kanisa akasimama.

"Nina swali la roho safi," akasema. "Tumesikia ndani ya kinanda hiki kuna ngozi ya sadaka ya dini nyingine. Ngozi ya kuswalia. Sasa tukiimbia Bwana kupitia hiyo, tunaimbia nani?"

Niliona kina mama wakitazamana, niliona kijana wa mlangoni akitazama viatu vyake. Nyanya hakusimama. Aligeuka tu pale kwenye kiti chake, miguu yake ya soksi ikiwa juu ya kanyagio.

"Mzee," akasema, "wao wanachinja kwa kukumbuka siku Ibrahimu aliambiwa amtoe mwanawe, akapewa kondoo. Wewe umetuhubiria huyo kondoo mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Alikuwa wa dhehebu gani?"

Mahali fulani katika viti vya kina mama mtu alicheka, akajifunika na leso. Mzee wa kanisa alisimama kidogo zaidi, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Nyanya hakumsubiri akae. Akakanyaga.

Kinanda kilivuta pumzi. Safari hii hakikukohoa. Sauti ilitoka chini ya sakafu, ikapita kwenye maboga na mahindi, ikajaza paa, na watu wakasimama bila kuambiwa. Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Nilimwona fundi kibandani kwake, nyundo mkononi, hapigi. Wimbo ulipokwisha akapiga msumari wake.

Kinanda kilibaki. Mbuzi wa Mavuno alichinjwa na fundi, tukala chungu kimoja, na mzee wa kanisa alikula vizuri kuliko wote. Lakini usidhani kila kitu kilirudi. Fundi hakuwahi tena kutia ngozi mdomoni. Kikopo cha maji kilikaa kando yake mpaka mwisho. Na kila nilipopita aliinua kipande chochote alichokuwa nacho mkononi akaniuliza, "Hii ni ya nini?" Nilikuwa sina budi nisimame, niishike, nimjibu kweli. Nilijifunza ngozi zote kwa njia hiyo. Ndiyo shule pekee niliyoimaliza.

Alikufa nikiwa nachuma chai Nandi. Nyanya akamfuata nikiwa sijui hata niko wapi. Habari ilinifikia wiki tatu baadaye. Sikurudi. Nilikuwa naogopa kukuta pahali pale pako kimya.

Siku ile ya kiatu, mama anayefagia kanisa sasa aliniruhusu niingie. Mbele kulikuwa na kinanda cha umeme chenye waya nyingi. Cha nyanya kilikuwa chumba cha nyuma, kimebebeshwa viti vya plastiki. Alisema vyuma vyake vyote vya shaba viliibwa vikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nilimuuliza kuhusu kibanda cha mkabala na lango. Hakujua kulikuwa na kibanda. Nilimuuliza nani anachinja mbuzi wa Mavuno. Akasema siku hizi nyama inatoka buchari, imeshakatwa.

Nikatoa viti. Nikafungua ubao wa nyuma. Kiraka kilikuwa pale, kimekuwa cheusi, mishono midogo sawasawa, na kando ya mshono mmoja unywele mweupe wa mbuzi ambao wembe ulikuwa umeuacha. Nikaketi, nikavua viatu, nikakanyaga.

"Hicho hakisemi kitu, madam," yule mama akasema. "Kinapumua tu."

Ni kweli. Nilibonyeza meno na hakukuwa na sauti, ila pumzi ndefu iliyokuwa ikivutwa ndani, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Vilivyoimba vimekwenda vyote. Kile alichokishona fundi hakikuvuja hata kidogo.

Nilikuwa bado nakanyaga adhana ya alasiri ilipoanza. Nikainua mikono, nikainua na miguu. Yule mama aliniangalia akidhani nimechoka. Nilisubiri mpaka ikaisha, kisha nikairudisha miguu pale pale nilipokuwa nimeachia.